Nyongo ya Samaki na Maji ya Bonde la Nyarutarama

Muhula uliopita, tulipokuwa tukisoma habari za ini, mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu aliuliza swali ambalo kengele ilililia kabla halijajibiwa. Alisema, "Mwalimu, ikiwa ini ndilo liondoalo sumu mwilini, na samaki naye ana ini, kwa nini watu waogope samaki wa maji machafu? Si anajisafisha mwenyewe?" Swali hilo ni zuri kuliko lionekanavyo, na wenye elimu wamekuwa wakilishughulikia kwa zaidi ya miaka thelathini. Basi nimemwomba mhariri anipe nafasi katika kurasa za Kiswahili nilijibu kwa kirefu. Nimechagua Kiswahili si kwa sababu tu ni lugha rasmi ya Rwanda tangu mwaka 2017. Maji nitakayoyasema hapa, yakisha kututoka sisi, huteremka kwenda kwa watu wasemao Kiswahili, na miongoni mwao wamo wanafunzi wetu wa zamani walio kando ya Ziwa Viktoria. Nao wana haki ya kujua tunawapelekea nini.

Jibu kwa ufupi ni hili: ndiyo, samaki hujisafisha, tena kwa ustadi ambao fundi yeyote angeuonea wivu. Lakini kujisafisha huko hakumwokoi. Jinsi mambo hayo mawili yawezavyo kuwa kweli pamoja ndiyo habari yetu.

Kwanza tufahamu homoni ni nini. Homoni ni kama barua. Tezi huiandika, damu ndiyo tarishi, na kiungo kilichokusudiwa hupokea, husoma, na hutenda kama kilivyoagizwa. Mathalani, samaki jike akikaribia wakati wa kutaga, ovari zake hupeleka kwenye ini barua iitwayo estradioli. Ini likiisoma huanza kutengeneza protini iitwayo vitelojenini, na damu huichukua protini hiyo mpaka kwenye mayai, ikawe kiini cha kuwalisha watoto. Sasa angalieni jambo hili: ini la samaki dume nalo lajua kazi hiyo vizuri sana. Halifanyi kwa sababu moja tu, kwamba hakuna amwandikiaye barua ya kutosha. Siku itakapotokea barua kutoka nje, hata ikiwa imeandikwa na mtu asiyejulikana, madhali mwandiko umefanana, ini la dume litatii. Halina njia ya kuuliza barua imetoka wapi.

Barua hizo za kigeni ndizo tuziitazo kemikali zenye kuvuruga homoni. Nyingine ni homoni za kweli, zitokazo katika mkojo wa watu na wa wanyama, hasa wa wanawake wenye mimba. Nyingine hutengenezwa viwandani kwa makusudi, kama ethinilestradioli iliyomo katika vidonge vingi vya kupanga uzazi. Nyingine zimefanana na homoni kwa bahati mbaya tu: bisfenoli A itokayo katika baadhi ya plastiki, na nonilifenoli itokanayo na kuoza kwa baadhi ya sabuni za viwandani. Tena ziko dawa za wadudu, na mashuhuri kati yake ni DDT.

Kiasi kinachohitajika ni kidogo mno hata akili hukataa. Ethinilestradioli huanza kuwadhuru samaki ikifika kama nanogramu moja katika lita moja ya maji. Tusitaje sufuri tisa; tutumie mahali tunapopajua. Bustani ya kinamasi ya Nyandungu, iliyofunguliwa kwa watu mwaka 2022, ina eneo la hekta 121. Fikirini bonde lile lote limefurika maji ya kina cha meta moja. Gramu moja tu ya dawa ile, yaani chini ya robo ya kijiko cha chai, ikikorogwa vema katika maji yote yale, ingetoa karibu kiasi hicho.

Sasa tutazame maji yetu wenyewe. Nyarutarama ni kilima chenye nyumba nzuri, na chini yake, kando ya kiwanja cha gofu, kiko kile kiziwa kidogo ambacho nyote mmekizunguka jioni. Jiji la Kigali, kwa muda mrefu, halikuwa na mabomba ya kukusanya maji taka ya mji mzima. Baadhi ya mitaa ya nyumba ina mitambo yake midogo, lakini nyumba nyingi hutegemea mashimo: mwenye mali huchimba shimo la maji taka lililojengewa vizuri, na maskini huchimba choo cha shimo. Ubavuni mwa kilima hiki hiki vilikuwapo vitongoji vya Kangondo na Kibiraro, ambavyo watu waliviita Bannyahe, jina la Kinyarwanda lenye kuuliza "wanajisaidia wapi?" Vilibomolewa mwaka 2022 na wakazi wengi wakahamishiwa Busanza. Nalitaja jina hilo si kwa kuwacheka waliokaa pale. Nalitaja kwa kuwa swali lililomo ndani yake latuhusu sisi sote, hata mwenye bafu tatu. Shimo la tajiri na shimo la maskini yote mawili huvujisha maji ardhini, na maji hayapandi kilima.

Maji ya mabonde ya Kigali hukusanyika katika mto Nyabugogo, nao huingia Nyabarongo. Nyabarongo hupokea Akanyaru, hupita penye Ziwa Rweru, na kutoka hapo huitwa Akagera. Akagera huporomoka Rusumo, hufuata mpaka wa Tanzania, na mwisho huingia Ziwa Viktoria karibu na mpaka wa Uganda na Tanzania. Silaumu kiziwa cha Nyarutarama kuliko vingine. Naeleza njia tu, kwamba kilichomwagwa juu ya kilima kina safari ndefu mbele yake, na samaki wako kila mahali njiani.

Haya, kemikali imefika majini. Humwingiaje samaki? Wengi hudhani huila. Nyingine huliwa, lakini mlango mkubwa ni matamvua, ambayo wavuvi huyaita mashavu. Matamvua yametengenezwa ili damu na maji vikaribiane kabisa, vikitenganishwa na ngozi nyembamba mno, hewa ipate kupita. Vitu vyenye kupenda mafuta, na homoni ni vya namna hiyo, hupita papo hapo pamoja na hewa. Tena maji machafu huwa na hewa kidogo, maana vijidudu vyenye kuozesha uchafu huitumia. Samaki akikosa hewa hupumua kwa haraka, na akipumua kwa haraka hupitisha maji mengi zaidi katika matamvua yake. Kwa hiyo pale penye uchafu mwingi ndipo anapolazimika kuyavuta zaidi.

Na sasa tufike kwenye ini, ambalo ndilo nililoahidi kulisifu. Taabu ya kitu chenye kupenda mafuta ni kwamba hakitaki kutoka. Figo zikikichuja hurudi tena damuni, kwa kuwa hupita kuta za chembe kama mtu apitaye nyumba isiyo na milango. Kazi ya ini ni kukigeuza kitu hicho kipende maji. Hulifanya jambo hilo kwa vimeng'enya vya namna mbili. Namna ya kwanza hukikwaruza kitu, hukitia oksijeni kidogo, ili pawe na mahali pa kushikia. Namna ya pili hubandika pale palipokwaruzwa kitu kingine kipendacho maji sana. Mara nyingi ni asidi ya glukuroni, iliyo jamaa ya sukari, au salfeti. Tukirudi kwenye mfano wetu wa barua, ini huitia ile barua ndani ya bahasha, huigandisha kwa gundi, na kuiandika "Itoke." Bahasha ikisha gandishwa, hakuna kiungo kiwezacho kusoma yaliyomo.

Bahasha hizo hutoka kwa njia mbili. Zilizo ndogo hupita zaidi katika figo, na samaki wa maji baridi hukojoa sana, kwa sababu maji humwingia mchana na usiku bila yeye kuyanywa. Zilizo kubwa, na homoni nyingi zikisha kubandikwa huwa kubwa, hupelekwa katika nyongo, kutoka nyongo katika utumbo, na kutoka utumbo nje.

Kila aliyewahi kupasua samaki jikoni anakijua kile kifuko cha kijani karibu na ini, na ameonywa asikitoboe, maana mboga yote itakuwa chungu. Kifuko hicho ndicho ghala ya bahasha. Wachunguzi wakitaka kujua kama samaki ameishi katika maji yenye homoni za kigeni, mara nyingi hawahangaiki na maji yenyewe, ambamo kiasi ni kidogo hata mashine hushindwa. Humpasua samaki, wakanyonya nyongo yake kwa sindano. Humo wanaweza kukuta kemikali ile ile imekusanyika maelfu ya mara kuliko ilivyo majini. Nyongo ni daftari la yale ambayo ini limeyatoa siku za karibuni.

Lakini si barua zote zilizo sawa mbele ya ini. Bisfenoli A ina mahali tayari pa kubandikia, wala haihitaji kukwaruzwa; samaki aina ya trauti akiipata, sehemu kubwa humtoka kwa saa chache tu. Estradioli ya asili nayo haikawii. Ethinilestradioli ni ngumu zaidi, tena kwa makusudi. Waliotengeneza kidonge walitaka homoni ambayo mtu akiimeza haitaharibiwa mara moja na ini lake, basi wakaongeza kipande kidogo cha kaboni mbili kulinda pale ambapo vimeng'enya hupenda kushambulia. Kinga hiyo ilimsaidia mwanamke ameze kidonge kimoja kwa siku. Lakini haikuisha kazi ilipotoka mwilini mwake. Ini la samaki nalo hukuta ulinzi ule ule.

Mwisho kabisa iko DDT. Mwilini hugeuzwa kuwa DDE, na hapo kazi ya ini hukwama. DDE ni kama karatasi iliyopakwa nta: gundi haishiki, bahasha haifungi. Haitoki kwa nyongo wala kwa mkojo ila kidogo sana, basi hukaa katika mafuta kwa miezi na miaka. Madhara yake kwa homoni ni ya namna nyingine, maana haiigi barua ya kike; huikalia sanduku la barua la homoni ya kiume, ili barua ya kweli ikija isipate pa kuingia. Mwaka 2002 ilichapishwa habari ya uchunguzi wa samaki wa Ziwa Tanganyika upande wa Burundi, na ndani yao ilikutwa DDT pamoja na jamaa zake. Mapatano ya Stockholm ya mwaka 2001 yaliiacha DDT itumike kwa kupigana na wadudu waenezao magonjwa tu, si mashambani. Lakini kitu kisichotoka mwilini mwa samaki mdogo humfuata samaki mkubwa amlaye, na kwa huyo nacho hakitoki.

Liko tundu moja ambalo DDE humtoka kwalo samaki, nalo ni la kusikitisha. Jike akiyajaza mayai yake mafuta, sumu iliyomo katika mafuta huenda pamoja. Akisha kutaga, mwili wake umepungukiwa na sumu. Sato jike, kama mjuavyo, huyatia mayai yake kinywani na kuyalinda humo mpaka yaanguliwe, wala hali kitu kwa siku zote hizo. Huyalinda na kila adui wa nje, na huku sehemu ya sumu yake mwenyewe amekwisha kuitia ndani ya yai.

Sasa turudi kwenye swali lenyewe. Tukiiacha DDT kando, nyingi katika kemikali hizi humtoka samaki upesi. Mbona basi hudhurika?

Chukueni pipa lenye tundu chini, mliweke chini ya bomba lililo wazi. Tundu halikuziba hata mara moja. Maji hutoka saa zote. Lakini pipa halikauki kamwe, na kina chake husimama pale ambapo yaingiayo yamelingana na yatokayo. Samaki ndiye pipa, na ini lake ndilo tundu. Mtu akila kitu kibaya mara moja, ini lake lina nafasi ya kumaliza kazi. Samaki hana mara moja. Anakaa ndani ya bomba lenyewe. Kila saa nyongo hutoa na kila saa matamvua huingiza, na barua huwa na muda wa kusomwa kabla haijatiwa bahasha. Kwa barua ya homoni, kusomwa mara chache kila siku kwa miezi kadhaa kwatosha.

Waingereza waliliona jambo hili kwanza karibu na mwisho wa karne iliyopita. Waliwatia trauti katika vizimba karibu na mahali ambapo maji taka yaliyokwisha kusafishwa huingia mitoni, na mwaka 1994 wakatangaza kwamba madume katika vizimba vile walikuwa wakitengeneza vitelojenini, protini ya kiini cha yai, ambayo dume hana pa kuipeleka. Ilijaa damuni mwao bure. Mwaka 1998 wengine wakaeleza habari za samaki wa mitoni aitwaye rochi, kwamba kati ya madume wengi waliovuliwa chini ya mitambo ya maji taka, kende zao zilikuwa na mayai ndani. Kumbukeni kwamba hayo yalikuwa maji yaliyosafishwa, katika nchi yenye mitambo.

Ushahidi mzito kuliko wote ulitoka Kanada. Kule kaskazini magharibi mwa jimbo la Ontario kuna maziwa madogo yaliyotengwa kwa majaribio ya elimu. Katika moja, liitwalo Ziwa 260, wataalamu walitia ethinilestradioli kila majira ya joto tangu 2001 mpaka 2003, kiasi cha nanogramu 5 au 6 tu kwa lita. Madume ya samaki wadogo wa ziwa hilo wakaanza kutengeneza kiini cha yai, kende zao zikaharibika, kisha kizazi kikakatika. Wakakaribia kwisha kabisa. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 2007. Mimi nionavyo, jambo la kuangaliwa zaidi hapo ni kwamba samaki hao hawakufa kwa sumu. Hakuna mtu aliyekuta mizoga ikielea. Kila samaki mmoja mmoja aliishi siku zake, na ini lake lilifanya kazi mpaka mwisho. Kilichokosekana ni watoto. Dawa ilipokomeshwa, baada ya miaka kadhaa samaki waliongezeka tena.

Imebaki sehemu ambayo kwangu mimi ndiyo yenye kustaajabisha kuliko zote, nayo ni ya wale wafunguao bahasha. Bahasha ya asidi ya glukuroni ikifika utumboni mwa samaki hukuta vijidudu, yaani bakteria, ambao wanapenda sana ile sukari. Wana kimeng'enya chao cha kuikata. Huila sukari na kuitupa barua. Barua ikisha kuwa wazi hupenda mafuta kama zamani, basi hupenya ukuta wa utumbo, hurudi damuni, hurudi kwenye ini, nalo ini huitia bahasha mara ya pili. Kitu kimoja chaweza kuzunguka hivyo zaidi ya mara moja kabla hakijapata kutoka. Hii ndiyo sababu nyingine ya kazi ya ini kuonekana kubwa na faida yake kuwa ndogo.

Lakini vijidudu vya namna hiyo hiyo wako pia katika utumbo wa mtu, katika choo cha shimo, na katika shimo la maji taka. Mwili wa mwanadamu hujisafisha kwa njia ile ile ya samaki: ini la mwanamke hutia estradioli bahasha, na figo zake huitoa katika mkojo. Wakati huo haina madhara, maana haisomeki. Inaingia shimoni imefungwa. Inakutana na bakteria, na mmoja wao ni yule Eschericia koli mnayemsoma katika elimu ya afya, ambaye ni hodari sana wa kuikata ile sukari. Na inatoka upande wa pili imefunguliwa. Yaani shimo la maji taka, ambalo kazi yake ni kusafisha, kwa habari ya homoni laweza kufanya kazi ya kufungua barua na kuzituma tena. Kilichotoka kwa mtu hakina nguvu, na kinachofika mtoni kina nguvu. Bahasha za salfeti ni ngumu zaidi kufunguliwa, huenda mbali zaidi, nazo hufunguliwa polepole njiani.

Mtambo mkubwa wa kusafisha, wenye kutiwa hewa nyingi na kuyaweka maji muda mrefu pamoja na tope lililo hai, hupita hatua hiyo: bakteria wake, wakisha maliza sukari, huila na barua yenyewe, na estradioli nyingi hupotea. Shimo lisilo na hewa haliwezi kufanya hivyo vizuri. Vinamasi husaidia. Mafunjo na tope la bonde huyachelewesha maji, na kule kuchelewa huwapa bakteria na mwanga wa jua nafasi ya kufanya kazi. Ndiyo maana nafurahi kila nionapo bonde moja la Kigali limerudishiwa mafunjo yake mahali palipokuwa na karakana, ingawa najua walioyapanda walifikiria mafuriko zaidi kuliko ini la samaki.

Baadhi ya wasomaji wetu wa zamani ni wafugaji wa samaki, na bila shaka wamekwisha kuuliza moyoni, "Na ile dawa yetu je?" Nawajibu. Sato huzaana upesi mno hata bwawa likajaa samaki wadogo wasiouzika, na madume hukua upesi kuliko majike. Basi katika vituo vingi vya kuzalisha vifaranga, katika nchi zetu za Afrika ya Mashariki na duniani kote, vifaranga hulishwa chakula kilichochanganywa na homoni ya kiume, metilitestosteroni, kama miligramu 60 katika kila kilo ya chakula, kwa majuma matatu mpaka manne ya kwanza. Karibu wote huwa madume. Huu ni uvurugaji wa homoni uliofanywa kwa kusudi, na waonyesha vizuri sana niliyoyasema. Ini la kifaranga huitoa homoni ile. Baada ya chakula kubadilishwa, kiasi kilichomo nyamani hushuka kwa siku chache, na samaki huyo huuzwa baada ya miezi mingi, akiwa ameongezeka uzito mamia ya mara. Mlaji hana sababu ya kuogopa. Lakini angalieni: homoni imekwisha kutoka, na dume amebaki dume. Barua ilisomwa, ikachanwa, ikatupwa, na amri yake ikadumu maisha yote. Wala haikupotea ulimwenguni. Chakula kisicholiwa na kinyesi cha vifaranga huzama, na homoni imeonekana katika tope la mabwawa ya namna hiyo majuma kadhaa baada ya kazi kwisha. Mwenye kituo asiyafungulie maji ya bwawa la vifaranga moja kwa moja mtoni. Ayapitishe kwanza katika bwawa jingine lenye majani, yakae.

Juu ya kula samaki nitasema machache, maana najua ndilo wanalolingoja akina mama. Kemikali zitokazo upesi hukusanyika zaidi katika ini, nyongo na matumbo, si katika mnofu. Kwa hiyo mpishi atoaye matumbo na nyongo vizuri, kama tulivyofundishwa na bibi zetu kwa sababu ya uchungu tu, ametoa na sehemu kubwa ya hizo. Zile zisizotoka, kama DDE, ziko katika mafuta, na huwa nyingi zaidi kwa samaki wakubwa, wazee, wenye kula wenzao. Sato mdogo wa bwawani na dagaa hawana sifa hiyo. Samaki avuliwaye mahali penye maji ya vyoo simwambii mtu amle, lakini hapo hofu ya kwanza ni ya magonjwa ya tumbo, si ya homoni.

Klabu yetu ya elimu ya viumbe itapasua sato wa soko la Kimironko Jumamosi ya pili ya muhula ujao, na yeyote apendaye aje. Njooni na wembe mpya, karatasi nyeupe na rula. Tutaangalia ukubwa na rangi ya kifuko cha nyongo, na nawaonya mapema kwamba vifuko havitakuwa sawa hata kwa samaki wa uzito mmoja. Samaki akila, kifuko hujikamua katika utumbo na kuwa kidogo. Akishinda na njaa siku kadhaa, hujaa na kugeuka kijani kilichokolea, karibu cheusi. Kwa hiyo yeye apimaye kemikali katika nyongo hana budi kujua kwanza samaki alikula lini, ama sivyo atamdhania mwenye njaa kuwa ndiye aliyetoka katika maji machafu. Tutapasua matumbo pia, tuone waliokuwa wameshiba ni wepi.